Fomu ya Mia na Ishirini

Aliyepitwa na Jumapili iliyopita asihangaike kutafuta gazeti la zamani. Nitamfupishia, maana aibu yangu hainogi zaidi kwa kurefushwa.

Mimi ni Loveness. Allen aliniacha zikiwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa. Kabla sijamaliza kulia nikapunguzwa kazi ya ukarani katika shule moja ya binafsi. Nikahamia Mwananyamala kwa mama mdogo, Demetria, kwenye vyumba vyake viwili, nikalala kitanda kimoja na vitambaa vya wateja wake. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki Bukoba, nikiwa na miaka sita.

Hapo ndipo nilipopata kibarua. Kampuni moja ya washauri ilikuwa inakusanya maoni ya wananchi, kwamba Barabara ya Mivinje, hapa hapa Kinondoni, itengenezwe vipi. Wakanipa fulana ya njano, kofia, na kishikwambi kama vile vya sensa. Watu mia na ishirini, siku kumi, basi.

Nilipoishia wiki iliyopita nilisema kazi ilikwenda vizuri. Nilidanganya. Wahariri hawakujua, na nyie hamkujua. Leo nayatapika yote.

Barabara ilikuwa na michoro miwili. Mchoro wa Kwanza uliyaacha mabaraza ya maduka, ukapanda miti na kuweka njia pana ya waenda kwa miguu. Mchoro wa Pili ulitaka njia nne za magari, na ili zipatikane, mabaraza yote ya upande wa kushoto yakatwe.

Upande huo wa kushoto, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mzee Muntazir Alibhai, ndipo mama mdogo anaposhonea. Miaka ishirini na mbili. Ada zangu za shule zimetoka kwenye baraza lile. Viatu vyangu vya kipaimara vimetoka pale.

Binti mwenye akili angehoji barabara ile nyumba kwa nyumba mpaka soli ziishe.

Mimi nilihoji watu thelathini na tisa. Themanini na moja waliobaki niliwapika. Ndivyo wanavyosema makarani wenyewe: kupika. Unakaa nyumbani, unanyoosha miguu, unajaza majibu ya watu ambao hukuwauliza.

Nina sababu, ingawa ni ya kijinga. Siku ya nne nilimkuta Allen pale Mivinje, anachagua mapazia na mwanamke mwingine. Akaniangalia na ile fulana yangu ya njano, kuanzia kofia hadi viatu.

"Vipi, Loveness," akasema, "siku hizi unauza laini za simu?"

Yule mwanamke akacheka. Nami nikageuka, nikaenda nyumbani, na sikurudi tena barabarani.

Majina nikayatoa kwenye daftari la vipimo la mama mdogo, lile anamoandika kifua, kiuno na nyonga za wateja wake, pamoja na namba zao za simu. Kuna wanawake niliowapa msimamo mkali kuhusu mitaro ilhali nawajua kwa viuno tu.

Wengi wao niliwachagulia Mchoro wa Pili. Hapa ndipo ninapojidharau. Niliogopa watu wasije wakasema nimempendelea mama mdogo, nikaegemea upande mwingine ili nionekane sina upande. Tena nilijua, kama anavyojua kila mtu mjini, kwamba maoni ya wananchi hukusanywa ramani ikiwa imeshachorwa na wino umekauka. Nani angeyasoma?

Fomu ya mwisho, ya mia na ishirini, majina yaliniishia. Wali ulikuwa unaungua jikoni. Nikaona pia kwamba mshonaji anayejulikana barabara nzima akikosekana kwenye orodha, mtu atashangaa. Nikaandika: Demetria Kokushubila, mshonaji, baraza la Alibhai. Mchoro wa Pili. Nikajaza na sababu ya kubuni. Nikabonyeza "tuma", nikakimbilia wali.

Yakasomwa, ndugu zangu. Safari hii yakasomwa.

*

Alhamisi msimamizi wangu, Brightson, aliniita ofisini. Brightson ni mtu wa kuongea taratibu. Hata akikutukana unaweza kudhani anakuombea.

"Njoo uone kitu kizuri," akasema, akageuza kompyuta yake.

Ilikuwa ramani ya Kinondoni. Vidoa vyekundu vilikuwa vimetawanyika kando ya Barabara ya Mivinje, kimoja kimoja. Mbali kule Mwananyamala kulikuwa na doa moja kubwa, nene.

"Hivi vya Mivinje ni watu thelathini na tisa. Na hili hapa?"

"Sijui, bosi."

"Nimelikuza. Ni paa la bati. Chini yake wapo wananchi themanini na moja. Hivi wanalalaje humo?"

Kumbe kishikwambi kinaandika mahali ulipo kila unapotuma fomu. Tuliambiwa siku ya mafunzo. Siku ile nilikuwa nyuma kabisa, nasoma meseji za zamani za Allen.

"Bosi, nisamehe. Nipe siku tano tu. Nitarudi, nitawahoji watu wa kweli, kila mmoja."

"Ripoti imeondoka Jumatatu."

"Irudisheni!"

"Loveness." Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha. "Pale panaposema 'imehakikiwa na', nimesaini mimi. Bila kuhakiki. Wewe umepika, mimi nimekula. Sasa unataka tutapike wote?"

Nikauliza matokeo. Nilikuwa sitaki kuyajua, lakini mdomo uliuliza wenyewe.

"Sitini na tatu kwa hamsini na saba. Mchoro wa Pili umeshinda."

Nikapiga hesabu kichwani, nimesimama pale pale. Kwa watu wa kweli niliowahoji, thelathini na wanne walitaka Mchoro wa Kwanza. Watano tu walitaka wa Pili, na wote watano walikuwa wapita njia wenye haraka zao. Yaani barabara nzima ilikuwa imeamuliwa na daftari la vipimo.

"Jumamosi kuna mkutano wa kuwarudishia wananchi matokeo yao," Brightson akaendelea. "Utasoma wewe."

"Mimi?"

"Si ndiye uliyewahoji? Ukisoma vizuri, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, tumemaliza, kila mtu anakwenda kwake. Ukianza kulialia, nitaitoa hii ramani. Nitasema umenidanganya. Na mkataba ulisaini mwenyewe, taarifa za uongo ni kesi. Mimi nina mtoto mchanga, Loveness. Siwezi kuzama kwa ajili yako."

Akanifungulia mlango, akanitakia siku njema.

*

Ijumaa jioni nilirudi nyumbani nimeamua kusema. Naapa. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Vua hiyo fulana, jaribu hili."

Alikuwa amenishonea gauni la kitenge, la bluu, mikono mirefu. Alikuwa amelianza asubuhi bila kuniambia, maana usiku wa Alhamisi nilimwambia nitasoma matokeo.

"Kesho unasimama mbele ya watu," akasema, midomo imebana pini. "Sitaki Mwamvita aje aseme nimelea mtoto hana nguo."

Mwamvita ni muuza vitumbua wa pale barazani. Wamekaa jirani miaka yote hiyo, wanagombana asubuhi na kugawana chakula mchana.

Nikalivaa. Lilinikaa kama nilizaliwa nalo. Mama mdogo akanizunguka, akavuta hapa, akabana pale, akarudi nyuma kuniangalia, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Allen alipokuja kujitambulisha.

"Mama mdogo, nina jambo."

"Mie ndio nina jambo. Umewauliza wote pale barabarani, mpaka muuza maji. Mie mbona hujaniuliza?"

"Niliogopa... watasema upendeleo."

"Upendeleo wa nini? Mie si mwananchi? Lete hicho kidude chako. Keti. Andika."

Nikakitoa kishikwambi kwenye mkoba. Kilikuwa kimezimwa. Kazi ilikuwa imefungwa, hata ningekiwasha hakuna fomu ambayo ingekwenda popote.

"Andika: Demetria anataka ule Mchoro wa Kwanza. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Weka na sababu. Jua la saa nane linaingia mpaka kwenye tundu la sindano, wapande miti. Ila isiwe ile inayoangusha matunda, yatachafua vitambaa vya watu. Pale kwenye kona waweke kivuko, wale wanafunzi wanavukaga wanakimbia, ipo siku tutaokota mtoto. Na benchi. Wateja wangu wengine wana magoti, hawawezi kusubiri wima. Umeandika magoti?"

"Nimeandika, mama mdogo."

Nilikuwa napapasa kioo cheusi kwa kidole.

Akakata uzi kwa meno.

"Andika na hili. Sina mahali pengine. Mzee Muntazir ndiye aliyenipa pale, nami umri huu nani atanipa pengine? Hilo liandike mwishoni, ili walisome mwisho."

Alilisema kikawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya zipu. Halafu akainuka kwenda kuchochea maharage.

Sikusema. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwepo, yamejipanga foleni nyuma ya meno, na kilichotoka kilikuwa kimoja tu.

"Asante kwa gauni."

*

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa ulikuwa umejaa. Turubai moja, viti vya plastiki, na watu waliokosa viti wamejiegemeza ukutani. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mfaume, aliketi mezani na bahasha ya ripoti mbele yake. Brightson aliketi kando yangu, kiti chake kimegusa changu.

Mstari wa mbele alikuwepo mama mdogo. Kando yake Mzee Muntazir Alibhai, amefunga duka Jumamosi, jambo ambalo halijawahi kutokea bila msiba. Nikiwa mtoto, mzee huyu alikuwa akinipa vipande vya satini nishonee wanasesere. Akanipungia mkono.

"Binti yetu leo mheshimiwa!" akamwambia mama mdogo kwa sauti, watu wakacheka.

Nikasoma.

Nilisoma kwa haraka, macho kwenye karatasi. Idadi ya waliohojiwa mia na ishirini. Waliochagua Mchoro wa Kwanza, hamsini na saba. Waliochagua Mchoro wa Pili, sitini na tatu.

Uwanja ukalipuka.

Mwamvita ndiye aliyesimama wa kwanza, mikono kiunoni.

"Mie nimehojiwa na huyu huyu binti. Nikasema wa Kwanza. Muuza maji, wa Kwanza. Muuza magazeti, wa Kwanza. Fundi viatu, wa Kwanza. Hao sitini na tatu wametokea wapi? Majini?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikatika katikati.

"Majina!" mtu akapiga kelele kutoka ukutani. "Watajwe majina!"

Brightson akainuka, akatabasamu. "Ndugu wananchi, kwa utaratibu, majina ya waliohojiwa ni siri."

"Siri gani?" Mzee Mfaume akauliza. "Watu wa mtaa wangu, siri kwangu?"

Akaipasua bahasha. Viambatisho vyote vilikuwemo. Akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua karatasi mpaka akafika panapotakiwa.

"Sikilizeni. Nasoma waliochagua Mchoro wa Pili. Mwenye jina lake asimame aseme ndiyo, ni mimi. Akisimama hata mmoja, nitajua huyu binti kafanya kazi, tumeshindwa kihalali, nagonga muhuri. Asiposimama hata mmoja, basi hapa pamepikwa." Akanyoosha kidole. "Mgambo wale pale. Tutakwenda naye kituoni akaeleze."

Nikamtazama Brightson. Alikuwa anasogeza kiti chake, polepole, kidogo kidogo, kutoka kwangu.

"Mwanakombo Shebe."

Kimya.

"Hope Mlaki."

Kimya. Hope Mlaki, kiuno thelathini na nne, anakaa Mbweni. Huja mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi.

"Tabu Ngwali."

Kimya.

Akaendelea. Jina baada ya jina, na kila jina likaanguka katikati ya watu bila kuokotwa. Wale watano wa kweli, wapita njia wangu, hakuna aliyekuwepo. Baada ya jina la ishirini watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Baada ya la thelathini mgambo wawili wakaondoka ukutani, wakaja mbele. Mmoja akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu, kwa kuniwekea alama tu.

Mama mdogo alikuwa amekaa wima. Alikuwa ananitazama kwa wasiwasi wa mtu anayejua mtoto wake anaonewa. Midomo yake ilikuwa inasema bila sauti: usiogope.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Maana mimi peke yangu, kati ya watu wote wale, nilijua jina la mwisho.

Mzee Mfaume akachoka. Akaruka kurasa mbili.

"Nimalizie na huyu wa mwisho kabisa, tusipoteze muda." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Demetria Kokushubila. Mshonaji. Baraza la Alibhai."

Mama mdogo alikuwa anarekebisha kanga begani. Mkono ulisimama pale pale.

Akanitazama. Na niliona akielewa. Haikuchukua hata dakika. Yeye ni mtu wa vipimo, humwangalia mtu mara moja akajua pa kukata. Alijua alichosema Ijumaa, alijua nilichojifanya kuandika, alijua daftari lake lilikokuwa wiki ile yote. Vyote vilipita usoni mwake, kimoja baada ya kingine, na sikuweza kugeuza macho.

"Demetria?" Mwamvita alikuwa amemgeukia. "Wewe? Haiwezekani. Huyu mtoto kakuandika tu! Inuka ukane, tulimalize!"

"Kana, mama!" wakapaza sauti wengine. "Kana!"

Ule mkono wa mgambo ukakaza.

Mama mdogo akasimama. Akaikunjua sketi yake, akaweka mikono mbele.

"Ni mie," akasema.

"Wewe nini?" Mzee Mfaume akauliza.

"Jina hilo ni langu. Nilihojiwa. Nikachagua hivyo."

Mwamvita akaketi. Afadhali angepiga kelele.

"Mama mdogo, si kwe..."

"Nyamaza, Loveness. Wakubwa wanaongea."

Sauti ile naijua tangu nina miaka sita. Nikanyamaza. Nimeshajilaumu kwa mengi, lakini hili la kunyamaza pale ndilo linaloniamsha alfajiri.

Mzee Mfaume akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri. Mlio wake ulisikika mpaka ukutani.

"Tumesikia kwa masikio yetu. Mgambo, mwachieni. Matokeo yamepita."

"Tunashukuru sana kwa ushirikiano wenu," Brightson akasema, na kiti chake kikarudi karibu na changu.

*

Watu walitawanyika wakimpita mama mdogo kama wanaopita karibu na dimbwi. Mwamvita alisimama mbele yake, akamtazama juu mpaka chini, akaondoka.

Mzee Muntazir hakuondoka. Alikuwa ameketi bado, mikono juu ya fimbo yake.

"Demetria. Mwaka ule maji yalipoingia dukani, ni nani aliyebeba majora yangu mpaka ghorofani, mgongoni, moja moja?"

"Ni mie, mzee."

"Nikasema baraza hili ni lako mpaka nife. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Na wewe umewaambia walikate."

Mama mdogo akaiangalia ile fimbo. Angesema neno moja tu yule mzee angeelewa. Neno lenyewe lilikuwa mimi, naye hakulisema.

"Basi kama hulihitaji, usilikalie." Mzee akagonga fimbo chini. "Leo hii. Sitaki kulala nikijua cherehani yako ipo pale."

Akainuka kwa shida. Aliponipita hakunitazama.

Tukaenda Mivinje, mimi na mama mdogo. Cherehani yake ni ya miguu, ya chuma, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Tukaishika huku na huku. Mwamvita alikuwa pale na karai lake la vitumbua. Akatupa mgongo. Wateja wake nao wakasita kula, wakatutazama tukishusha ngazi mbili za baraza, tukipumzika, tukiinua tena, mpaka tukafika ukingo wa barabara.

Barazani palibaki alama nne nyeupe, pale miguu ya cherehani ilipokanyaga miaka yote hiyo.

Hapo nikashindwa. Nikaanza kulia barabarani na gauni langu jipya.

"Narudi ofisini. Namwambia mwenyekiti kila kitu. Nipelekwe huko kituoni, sijali."

"Utamwambia nini?" Mama mdogo alikuwa anafuta mafuta ya cherehani kwenye kiganja. "Kwamba Demetria ni mwongo? Nimeshasema mbele ya mtaa mzima, na muhuri umegongwa juu ya neno langu. Wewe utakuwa umepika, mie nitakuwa nimethibitisha. Tutaingia wote."

"Kwa nini ulikubali?"

"Walikuwa wamekushika mkono."

Alisema hivyo tu. Halafu akakaa juu ya kiti chake cha kushonea, pale pale kando ya barabara, magari yanapita, vumbi linatua kwenye kanga yake. Akanyoosha mkono.

"Kitoe hicho kidude. Kimo kwenye mkoba, nimekiona. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Nilichosema. Mtaa mzima umejua nilisema nini, Mzee Muntazir amejua, mie ndio sijui. Nisomee fomu yangu."

Nikakiwasha. Niliomba fomu ziwe zimefutwa, lakini zilikuwemo zote, na yake ilikuwa ya juu kabisa kwa kuwa ndiyo ya mwisho.

"Soma na sababu."

"Mama mdogo, hiyo sababu niliibuni tu, wali ulikuwa unaungua..."

"Soma."

Nikasoma. "'Biashara imekuwa ngumu na umri umekwenda. Nimechoka na mji. Ningependa kurudi kwetu Bukoba nikapumzike.'"

Akasikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalijaa.

"Bukoba," akasema.

"Niliandika tu! Nilifikiri mtu wa umri wako ndivyo angesema. Sikumaanisha."

"Bukoba nina nani, Loveness? Mama yako ndiye niliyekuwa naye kule." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mie nimeondoka kule nikiwa msichana. Nimekaa mjini hapa nikakulea. Na wewe umepewa nafasi ya kuandika lolote ninalolitaka, ukaandika niende zangu."

"Sivyo!"

"Ndivyo unavyotaka? Vile vyumba viwili vimekubana?"

Ningetaka kusema hapana. Nilikuwa nasema hapana, mara tatu, mara nne, lakini hata mimi niliisikia sauti yangu, na ilikuwa sauti ile ile niliyomjibu nayo Ijumaa aliponiuliza kama nimeandika. Hakuna sababu ya yeye kuiamini tena.

Bajaji ya mizigo ikapunguza mwendo, ikasimama mbele yetu. Dereva akaipima cherehani kwa macho, akakubali. Tukainua wote watatu. Mama mdogo akapanda nyuma, akaketi kando ya cherehani yake, akaushika mkono wa chuma wa mashine kama anayemshika mtoto asidondoke.

Mimi nilibaki chini, mguu mmoja barabarani. Sikujua kama nina ruhusa ya kupanda.

Dereva akageuza shingo.

"Haya, tunaelekea wapi, mama?"

Mama mdogo hakumtazama yeye wala mimi. Alikuwa anaangalia mbele, upande ambako hakuna kitu.

"Muulize huyo hapo chini," akasema. "Siku hizi yeye ndiye ananijibia."